Mtoto aliyevunja sheria: kituoni au nyumbani chini ya uangalizi?

Kwa gharama, nyumbani kunashinda bila ubishi: kituo cha kurekebisha watoto hulisha na kulinda usiku na mchana. Kwa usalama wa haraka, kituo kinashinda. Kurudia kosa ndiko kwenye uzito. Kituoni mwizi wa simu hulala na wakabaji, shule hukatika, na akitoka marafiki ni walewale. New Zealand, tangu 1989, huwakutanisha familia, polisi na aliyekosewa waamue pamoja la kufanya na mtoto. Njia hiyo nayo hudai afisa anayefuatilia kweli, si wa kusaini fomu tu.

Kosa dogo, mzazi yupo? Ningeanzia nyumbani. Ukatili unaorudiwa ni kesi nyingine. Hata Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa unakiruhusu kifungo, kikiwa hatua ya mwisho. Na kama nyumbani ndiko anakopigwa, kumrudisha huko ni kumtupa.