Pampu ya pumu ya gesi na ile ya unga: uzoefu wangu karakanani Tabora

Mimi ni fundi seremala, nina pumu tangu utotoni, na mbao ninayoishi nayo ni mninga. Anayeujua mninga ameshanionea huruma: ukiupiga msasa, vumbi lake linapanda puani kama ugoro, hata asiye na pumu anapiga chafya. Kiangazi cha Tabora nacho kinaongeza vumbi la barabarani. Kwa hiyo pampu haikosi mfukoni mwangu.

Nianze na ile ya gesi ya kupuliza, ya buluu, yenye salbutamol, dawa ya kufungua kifua. Watu wa rika langu wanaikumbuka ya zamani: ukibonyeza tu, ubaridi unagonga koo mpaka unashtuka. Ya sasa inatoka polepole, haina ubaridi ule, ndiyo maana kliniki hutakosa mzee anayelalamika kwamba za siku hizi zimechakachuliwa. Hazijachakachuliwa. Kilichobadilika ni gesi inayosukuma dawa. Za zamani zilitumia CFC, jamii ya gesi zilizokuwa kwenye mafriji, zinazoharibu tabaka la ozoni. Itifaki ya Montreal ya 1987, makubaliano ya mataifa ya kulinda ozoni, ikaanza kuziondoa, na pampu za pumu zikaachiwa muda zaidi kwa kuwa ni dawa. Ule ubaridi ulikuwa wa gesi. Dawa ni ileile, mikrogramu 100 kwa kila mpulizo, tena kuna waliokuwa wakishtushwa na baridi ile wanakatisha pumzi, dawa inaishia kooni.

Kero yangu kwa hii mpya ni tundu. Vua kikopo cha chuma, chungulia ndani ya plastiki pale dawa inapotokea, utaona utando mweupe umeganda. Ukiuacha, unaziba. Yangu ilianza kutoa kaupepo tu, nikaipeleka duka la dawa nikijua nanunua nyingine.

"Dada, hii imeisha?"

Akaitikisa sikioni. "Haijaisha, baba. Toa kikopo, hii plastiki ipitishie maji ya vuguvugu, iache ikauke usiku kucha. Kikopo chenyewe usikiloweshe. Fanya hivyo kila wiki. Na ukishaiosha, kabla ya kuvuta, puliza hewani kwanza."

Asubuhi ikapuliza vizuri. Karatasi iliyomo kwenye boksi inayasema hayo yote, ila kwa Kiingereza, na kwa herufi za kuvaa miwani miwili. Na ile mbinu ya kutumbukiza kikopo kwenye bakuli la maji uone kama kinaelea, achaneni nayo: gesi inaweza kubaki wakati dawa imekwisha. Kikopo changu kina mipulizo 200 na hakina namba za kuhesabia, basi kila nikivuta napiga mstari wa penseli ukutani, pembeni ya vipimo vya milango.

Sasa mambo hayajaishia kwenye ozoni. Gesi iliyochukua nafasi ya CFC, HFC-134a, haigusi ozoni lakini inapasha dunia joto, zaidi ya mara 1,300 ukilinganisha na uzito uleule wa hewa ukaa kwa miaka 100. Oktoba 2016 mataifa yakakutana hapo jirani, Kigali, yakakubaliana kuzipunguza gesi za namna hiyo hatua kwa hatua. Ndipo Ulaya wagonjwa wengi wakashauriwa kuhamia pampu za unga, zisizo na gesi kabisa.

Mpwa wangu aliniletea moja kutoka Dar. Siku za kawaida ni nzuri kweli: hakuna kubahatisha kubonyeza na kuvuta kwa pamoja, na inaonyesha dozi zilizobaki. Lakini unga hausukumwi na kitu, unavutwa na pumzi yako mwenyewe, kwa nguvu na kwa haraka. Siku mninga uliponibana sawasawa, nguvu hiyo sikuwa nayo. Nilirudi kwenye ya gesi, nikapulizia ndani ya chupa ya maji ya nusu lita iliyotobolewa kitako, nikavutia mdomoni mwa chupa taratibu. Chupa hiyo msiidharau: watafiti wa Afrika Kusini waliijaribu kwa watoto waliobanwa na pumu, na matokeo yalichapishwa 1999, ikafanya kazi sawa na kifaa cha dukani cha kuvutia dawa ya pampu.

Sheria yenyewe ya kupunguza gesi hizi siipingi. Anayetegemea pumzi za kuhesabu hawezi kuwa adui wa hewa. Ninachohofia ni bei. Marekani walipofunga pampu za salbutamol zenye CFC mwisho wa 2008, zile za bei nafuu zilitoweka sokoni, zikabaki za majina makubwa na wagonjwa wakalipa zaidi. Viwanda sasa vinaleta gesi nyingine zinazopasha dunia joto kidogo tu, na 2025 Uingereza iliidhinisha pampu ya aina hiyo kwa ugonjwa sugu wa mapafu. Zikifika huku kwa bei ya kule, fundi wa Tabora ataziangalia kwenye kioo cha kabati.

Ya gesi naipa nyota nne, moja nimeikata kwa ajili ya lile tundu. Ya unga nyota tatu kwa mtu mzima mwenye kifua kilichotulia. Kwa mtoto mdogo au bibi aliyebanwa usiku, msiitegemee peke yake.