Glavu za neoprini za milimita 2: joto lake ni la wastani, na bado nazichagua

Kwenye ngalawa ya mbio mimi hukaa kiti cha tatu, na ndiye ninayepiga ukelele wa kubadili upande. Kwa hiyo anayeniuliza kama glavu hizi za neoprini, ule mpira wa suti za wapiga mbizi, zina joto namjibu kwamba joto lake ni la wastani, halafu namwambia kwa nini naziona bora kuliko zile nene ambazo kila mtu hukimbilia anaposikia mbio ni za kipupwe.

Ngalawa hizi za watu sita zina mrengu mmoja, yaani lile boriti la pembeni linaloelea na kuzuia chombo kupinduka, upande wa kushoto. Wapigaji hupishana, huyu kulia na yule kushoto, na baada ya mipigo kama 12 hadi 15 sauti hutoka, wote wakahama upande. Mkono uliokuwa juu kwenye kishikio cha kafi hushuka kwenye mpini, uliokuwa chini hupanda juu, na yote hayo ni lazima yaishe kabla ya mpigo unaofuata. Ndiyo maana ile mifuko ya mikono inayofungwa kwenye kafi, ambayo watu wa kayaki huisifu (na kwao inastahili sifa, maana mikono yao haihami), kwetu ni balaa. Utaitoa mikono yote miwili, uanze kutafuta matundu, na wenzako wameshakwenda.

Glavu za milimita 5 nazo zina ubaya wa aina nyingine. Mpira mnene hutaka kunyooka wakati wote, kwa hiyo kila unapofumba kiganja unashindana nao. Kwenye ziwa hakuna wimbi refu la kukubeba ukapumzika. Ni kuvuta tu, mwanzo hadi mwisho, na misuli ya chini ya kiwiko inakaza hadi vidole vinaanza kufunguka vyenyewe.

Hizi za milimita 2 zimetengenezwa zikiwa na vidole vilivyokunjwa tayari, na kiganja chake ni chembamba kuliko mgongo. Mpini nausikia vizuri. Mgongoni hakuna kitambaa, ni mpira laini mtupu, na hilo ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana dukani: kitambaa hushika maji, upepo ukipita maji yanakauka na kuondoka na joto la mkono. Mpira laini huangusha matone. Mishono imegundishwa kisha ikashonwa bila sindano kutokea upande wa pili, na sijaona maji yakipenya hapo.

Maji yanaingia kwingine, kwenye pindo la kifundo. Ni fupi mno na halina mkanda wa kukazia. Kumbuka mkono ni uleule, sasa uko chini unachovya ziwani, punde uko juu usawa wa paji la uso. Ukilivalia pindo juu ya mkono wa jaketi, ukiwa chini unachota. Ukilichomeka ndani, ukiwa juu maji yanateremka hadi kiwikoni. Dawa niliyopata ni jaketi lenye pindo mbili mkononi, glavu ikapita katikati yake, lakini mtengenezaji angeongeza vidole vitatu tu vya urefu pangekuwa hapana haja ya hayo yote.

Anayeshika usukani kiti cha sita asinisikilize. Yeye hukaa muda mrefu amebana kafi ubavuni mwa ngalawa bila kuvuta, damu haichangamki, na milimita 3 au zaidi zinamfaa.

Kipimo nilichokipa uzito zaidi ni mazoezi ya kupinduka, ambayo timu yoyote ya kipupwe hufanya karibu na ufuko kabla ya siku yenyewe. Maji hunyang'anya mwili joto mara kama 25 kuliko hewa. Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba ameeneza hesabu rahisi ya maji ya baridi kali: dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 za viungo kufanya kazi ya maana, na takriban saa 1 kabla ya kupoteza fahamu kwa baridi. Katika hizo 10 mnatakiwa muigeuze ngalawa, mpande, mkombe maji. Nikiwa na hizi niliweza kukamata miti ya mrengu na kufungua kamba ya kafi la akiba bila kuvua chochote. Glavu ya kuvuliwa ndani ya maji ili ufungue kitu haina kazi kwangu.

Joto lenyewe ulitafute kifuani. Kiwiliwili kikipoa, damu huanza kuvitoroka vidole, na hakuna glavu itakayomwokoa aliyevaa fulana ya pamba chini ya jaketi. Mimi huvaa suti ya neoprini isiyo na mikono juu ya sufu nyembamba, na dakika chache kabla ya kuanza namimina maji ya uvuguvugu kutoka kwenye chupa ya chai ndani ya glavu. Maji hayo yakishakaa kati ya ngozi na mpira huchukua muda kupoa.

Saizi chukua inayobana, kwa sababu hulegea zikilowa. Zijaribu ukiwa umeshika mpini, ubadilishe mikono upesi mara kadhaa hapohapo dukani, hata kama muuzaji anakushangaa. Nazipa nyota 4 kati ya 5; ile moja nimeikata kwa sababu ya pindo.