Saa ya mkononi: ununue ukubwa gani? Nimezipanga kuanzia ninayoipendekeza

Mwaka juzi nilinunua saa barabarani Arusha nikiwa nasubiri gari la kurudi Moshi. Chalii aliyezining'iniza kwenye ubao alinivalisha mwenyewe, akanigeuza mkono uelekee jua, akasema, "Braza, hii ndiyo inavaliwa sasa hivi. Mwanaume havai saa ya mtoto." Uso mweusi, viduara vitatu ndani, cheni ya chuma. Nyumbani niliipima kwa rula ya mwanangu: milimita 48. Mwezi haukuisha, ilikuwa imeshang'ang'ania mkono wa shati mara zisizo na hesabu, imemkwaruza mama mmoja kwenye Hiace ya Majengo, na kile kitufe cha pembeni kinanichoma nyuma ya kiganja kila nikiegemea meza. Viduara vitatu vilikuwa vya kuchorwa. Siku hizi anaivaa mjomba wangu Marangu, juu ya sweta, na kusema kweli huko imetulia.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuulizwa na ndugu na majirani, "Ninunue ipi?" Jibu langu linaanza na mkono, si na saa.

Muuzaji akikutajia ukubwa, anakupa namba moja tu: upana wa uso na bodi yake, bila kitufe. Namba hiyo peke yake inapotosha. Kinachoamua kama saa itakukaa ni urefu wake kutoka sikio hadi sikio, yaani kutoka pale mkanda unaposhikwa juu hadi unaposhikwa chini. Seiko 5 Sports nyingi za sasa zina upana wa milimita 42.5, ukisikia hivyo unashtuka, lakini masikio yake ni mafupi, 46 tu, kwa hiyo zinakaa vizuri kwenye mkono ambao saa nyingine ya 41 yenye masikio marefu ingeushinda. Na usidharau milimita chache. Saa ya 44 ukiilinganisha na ya 40, uso wake umeongezeka eneo kwa zaidi ya sehemu ya tano. Ndiyo maana dukani unaona "tofauti ndogo" halafu mkononi inakuwa sahani.

Huna rula? Toa kadi ya benki. Ule upande wake mfupi ni milimita 54. Ulaze kwa kukata mkono pale saa inapokaa. Kadi ikitokeza pande zote mbili, mkono wako ni mwembamba, usivuke 46 sikio hadi sikio. Ikilingana na mkono, 48 inakutosha. Mkono ukibaki nje ya kadi, wewe una ruhusa ya kuvaa karibu chochote. Masikio ya saa yasipite ukingo wa mkono hata kidogo. Yakipita, mkanda unaning'inia hewani na saa inazunguka kuelekea upande wa kidole gumba mchana kutwa.

Sasa orodha yenyewe.

Namba moja ni milimita 38 hadi 40, ya mishale. Inaingia chini ya mkono wa shati, inakwenda ofisini, kanisani na kwenye harusi, na haimwambii mtu kwamba umeinunua mwaka gani. Wanaobisha huwa nawauliza kuhusu Submariner ya Rolex, ile inayoigwa kwenye kila ubao mjini. Ya kweli ilikaa miaka mingi ikiwa na milimita 40, mwaka 2020 ndipo ikapanda hadi 41. Yaani hata saa ambayo watu wanaiga ili waonekane wakubwa si kubwa kiasi hicho. Kwa hela ya kawaida, Orient Bambino inatoka ya 38 na ya 40.5, mkono wa kawaida uchukue ya 38, maana fremu yake ni nyembamba, na uso wake ukiwa mweupe rangi hiyo huongeza ukubwa machoni. Saa nyeusi yenye ringi nene ya kuzungusha huonekana ndogo kuliko kipimo chake, kwa hiyo hapo 40 ni salama.

Namba mbili itawaudhi wapenda fasheni: Casio F-91W, ile ya plastiki ya namba, ipo tangu 1989. Upana 35.2, unene 8.5, uzito gramu 21. Betri yake hukaa kama miaka saba. Nimemwona fundi bomba anaivaa na nimemwona daktari anaivaa. Shida yake kwetu ni moja, na ni ya lugha. Kwenye saa ya mishale, mtu aliyekulia Kiswahili haoni saba. Anaangalia ncha ya mshale inakoelekea, anavuka uso wa saa hadi upande wa pili, anasoma moja. Haihitaji hesabu. Saa ya namba inakuandikia 7:00 na kazi ya kutoa sita ni yako. Bibi yangu alimaliza ugomvi huo kwa kumwambia mjukuu aiseti kwa Kiswahili moja kwa moja, na hakuna aliyemweza. Nunua, ila usinunue ya ubaoni iliyoandikwa "Casio" kwa wino unaofutika kwa kucha. Taa yake ya kweli ni hafifu na ipo upande mmoja wa kioo. Ukiona inawaka uso mzima kama simu, hiyo si yenyewe.

Namba tatu, 34 hadi 37. Kwa mkono mwembamba hii ndiyo namba moja, na dada zangu wawili wamehamia huku wakaacha zile ndogo za dhahabu kama kidonge. Seiko 5 za zamani za 37, zile zenye kioo nyuma, bado zinapatikana zilizotumika. Mwanaume akikuambia ni ya kike, mpe kizibo cha soda. Saa ya kiume ya miaka ya 1950 ilikuwa milimita 33 hadi 36, yaani ilikizidi kizibo hicho kidogo tu. Babu zetu hawakujiona wasichana.

Namba nne ni kwa watu wa mlimani tu. Waongozaji na wagumu, yaani wapagazi, wa Kilimanjaro wana sababu ya kuvaa saa nene: inagongwa na mawe, inavaliwa juu ya jaketi, inasomwa saa sita usiku safari ya kileleni inapoanza. Hapo G-Shock ya Casio ya pembe nne, DW-5600, ndiyo chaguo. Upana 42.8 na urefu 48.9, lakini haina masikio yanayochomoza; mkanda unashuka moja kwa moja kutoka kwenye bodi, ndiyo sababu hata mikono ya wastani inaimudu. Jambo moja lieleweke: kioo cha namba kwenye baridi kali huwa kizito, tarakimu zinabadilika polepole kama zimelewa. Haijaharibika, ikipata joto inarudi. Hizi za kuunganishwa na simu ndizo zinazoaibisha kule juu, kwa sababu baridi inakula chaji na mteja anakuuliza saa ngapi. Mjini zivae ukipenda, na kama zinatoka saizi mbili chukua ndogo.

Mwisho kabisa, 44 na kuendelea. Hapa nitakaa kidogo, maana ndizo zinazouzwa zaidi na ndizo zinazoliza.

Saa kubwa zilikuwa za kazi. Wanajeshi wa anga wa Kijerumani kwenye Vita Kuu ya Pili walivaa za milimita 55, kwa mkanda mrefu, juu ya koti, kama mjomba wangu na sweta lake. Mwaka 1993 Panerai ya Italia, iliyokuwa ikilitengenezea jeshi la majini, ikaanza kuwauzia raia saa za 44. Mwaka huohuo watengenezaji wengine, Audemars Piguet, wakatoa Royal Oak Offshore ya 42, ikabandikwa jina la Mnyama. Mwigizaji Sylvester Stallone akazivaa Panerai, wenye hela wakamfuata, na 2002 kampuni ya IWC ikafika 46. Mtindo ukateremka ngazi kwa ngazi mpaka kwenye ubao wa chalii wangu. Kichekesho ni kwamba walioupandisha wameshaanza kushuka: kampuni ya Tudor ilipotoa saa yake ya Black Bay ya 39 mwaka 2018 watu waliishangilia, na Rolex, waliokuwa wameikuza saa yao ya Explorer kutoka 36 hadi 39 mwaka 2010, wakairudisha 36 mwaka 2021, ingawa baadaye wakaongeza na ya 40 kwa wasioridhika.

Kubwa ya bei rahisi ina ugonjwa wake, na unaonekana kwa macho. Ndani mwake kuna mashine ndogo ileile ya saa ndogo, imezungushiwa pete ya plastiki isicheze. Fundi mmoja wa Moshi, mzee mwenye kioo cha jichoni kilichofungwa kwa mpira, alinifungulia ile yangu akanionyesha: mashine yenyewe katikati kama punje kwenye sinia. "Umelipia bati, mwanangu," akaniambia. Alama ya nje ni kidirisha cha tarehe. Kwenye saa iliyotengenezwa kwa kipimo chake, kidirisha kipo karibu na ukingo, pale namba zinapokaa. Kikisogea ndani kuelekea katikati, bodi imekuzwa na mashine haikukua. Angalia na mishale: wa dakika usipofikia vijistari vya pembeni, ni hadithi ileile. Viduara vya ndani vibonyezee vitufe uone kama kuna kinachotembea.

Kama mkono wako ni mnene kweli na unaitaka, nunua, lakini ya mkanda badala ya cheni, maana chuma cha ukubwa huo kinachosha mkono kabla ya mchana. Uliza mkanda ni wa milimita ngapi. Wa 20 na 22 utaupata kokote. Ukiwa wa 24 au wenye umbo lake pekee, siku ukikatika utaranda soko zima.

Kuhusu maji, maandishi ya "30M" hayana maana ya kuogelea. Ni mvua ya Machi na kunawa mikono, basi. Kwa kuogelea tafuta 100 kwenda juu.

Siku ya kwenda kununua, vaa shati la mikono mirefu na ufunge vifungo vyake. Ivae saa, nyoosha mkono, ukunje, uweke mfukoni na kuutoa mara tatu. Kisha itazame kwenye kioo kikubwa cha kujitazamia cha duka ukiwa umesimama mbali kidogo, kwa sababu ukiinama kuiangalia karibu kila saa huonekana kubwa kuliko ilivyo. Kama ni ya cheni, mwambie mangi mwenye duka akutolee pingili hapohapo kabla hujalipa, na akupe zile alizotoa.