Miezi miwili nikikodisha intaneti yangu: uzoefu wangu

Hapa Kamalondo, mjini Lubumbashi, nina chumba kidogo cha kuchapa barua na kutoa fotokopi, na umeme unapokatika ninawasha jenereta ambayo kinyozi wa jirani huvuta waya wake na kuchangia mafuta. Kwa hiyo nilipoelezwa kwamba kuna programu inayomlipa mtu kwa intaneti asiyoitumia, sikuona ajabu: ikiwa tangu mwaka 2008 watu wanakodisha vyumba vyao kupitia Airbnb, kwa nini intaneti niliyokwisha kuilipia mwezi mzima ilale bure usiku kucha?

Kuisakinisha hakukunichukua hata dakika 10. Malipo, hata hivyo, huhesabiwa kwa kila gigabaiti inayopita, na kutoka Lubumbashi zilipita chache mno. Kwa miezi miwili nilipata dola 4 na senti 10, ilhali huruhusiwi kutoa chochote kabla ya kufikisha dola 5. (Anayetumia mega za kununua kwenye simu asijaribu kabisa, ni hasara tupu.)

Kilichoniudhi zaidi si fedha. Programu ya aina hii huigeuza kompyuta yako kuwa mlango: mteja usiyemjua, ambaye huenda anakusanya bei za bidhaa au anakagua matangazo, hupitia kwako, na tovuti anayoitembelea huiona anwani yako ya IP (namba inayoitambulisha intaneti yako mtandaoni) badala ya yake. Kufikia wiki ya sita, tovuti zilikuwa zikiishuku anwani hiyo na kunitaka nithibitishe kwamba mimi si roboti, picha za taa za barabarani zikifuatana bila kwisha, na siku moja mama aliyekuja kumwandikisha mwanawe chuo kikuu alikaa karibu saa nzima, fomu ikikataa kufunguka. Nilipounganisha intaneti ya simu yangu, ikafunguka papo hapo. Sikumtoza hata faranga.

Waliojitolea nguvu za kompyuta zao kwa SETI@home, mradi wa kutafuta dalili za viumbe wenye akili nje ya dunia, kuanzia mwaka 1999 hawakulipwa, lakini walijua kazi yenyewe: kuchambua mawimbi ya redio kutoka angani. Kinyozi naye, ninajua anachofanya na umeme wangu: ninaisikia mashine yake ukutani. Mimi niliiandikia kampuni mara mbili kuuliza ni akina nani waliopita kwangu, nikatumiwa masharti yale yale, kwa Kiingereza pekee.

Ninaipa nyota 2 kati ya 5, zote mbili kwa wepesi wa kuisakinisha. Nimeshaiondoa, dola zangu 4 na senti 10 zimebaki humo.