Dawa za Cheti Marekani: Ununue Wapi, na Lini Uagize Kanada

Waswahili wa huku Marekani wakianza kulalamikia bei ya dawa, iwe msikitini, kanisani au harusini, hatakosekana mmoja wa kusema: "Wewe agiza Kanada mtandaoni, kule rahisi." Anachosema ni kweli nusu. Taasisi ya utafiti ya RAND ililinganisha bei za kiwandani za mwaka 2022 ikakuta dawa zenye jina la kampuni zinauzwa Marekani zaidi ya mara 4 ya bei za nchi nyingine 33 zilizoendelea. Ila kwa jeneriki, zile dawa zilezile zinazotengenezwa na viwanda vingine baada ya haki ya mgunduzi kwisha, mambo yamegeuka: bei ya Marekani ni kama theluthi mbili tu ya bei za huko nje.

Kwa hiyo kabla hujafungua tovuti yoyote, muulize daktari: dawa hii ina jeneriki? Ikiwa nayo, Kanada ni kujisumbua bure. Nimezipanga njia hapa chini kwa mtu anayelipa mfukoni, asiye na bima au mwenye bima isiyolipa kitu mpaka kwanza ulipe mwenyewe maelfu ya dola ya mwaka.

Ya kwanza, kwa presha, sukari na maradhi mengine ya kila siku, ni orodha ya dola 4 ya Walmart. Ilianza Florida mwaka 2006, na sijaona ya kuishinda kwa urahisi wake: dozi ya siku 30 dola 4, ya siku 90 dola 10, hakuna uanachama wala bima. Metformin imo, lisinopril imo. Angalia miligramu tu, maana orodha inataja nguvu maalumu za kidonge, na daktari akiandika nyingine bei inaruka.

Kama mzee nyumbani anakunywa dawa tatu nne kwa mpigo, piga hesabu upya. Amazon ina RxPass, dola 5 kwa mwezi kwa mwanachama wa Prime (uanachama wa kulipia wa Amazon), unachukua dawa zote unazohitaji zilizomo kwenye orodha yao. Dawa tatu za miezi mitatu Walmart ni dola 30; kwa RxPass ni 15. Kwa dawa moja Walmart inashinda, na kama huna Prime usijiunge kwa ajili ya hili peke yake. Orodha yao nayo ni fupi.

Ninayoipenda zaidi, ingawa si rahisi kuliko zote kwa kila kitu, ni Cost Plus Drugs ya tajiri Mark Cuban, iliyofungua duka lake la mtandaoni Januari 2022. Hapa bei haifichwi. Ukurasa wa kila dawa unakuonyesha wameinunua kwa kiasi gani, wakaongeza asilimia 15, kisha dola 5 za kazi ya famasi, na usafiri dola 5. Dawa waliyoinunua dola 4 itakufikia kwa dola 14.60, kwa hiyo kwa vidonge vya bei ya chini utalipa zaidi gharama za kufunga na kusafirisha mzigo kuliko dawa yenyewe. Faida yake iko kwenye jeneriki ghali. Mfano ni imatinib ya saratani ya damu, ambayo famasi za kawaida zimekuwa zikiiandikia bei ya maelfu ya dola kwa mwezi. Agiza ya miezi mitatu, usafiri ulipe mara moja.

Kuponi za punguzo za tovuti ya GoodRx zinafaa unapotaka dawa leo hii, kwenye famasi ya jirani. Bei inatofautiana duka kwa duka ndani ya mji mmoja, basi linganisha kabla ya kutoka nyumbani. Ujue tu kwamba mwaka 2023 kampuni hiyo ilikubali kulipa faini ya dola milioni 1.5 baada ya serikali kuishtaki kwa kupeleka taarifa za afya za wateja kwa Facebook na Google. Na hata kama una bima, muulize mfamasia bei ya kulipa taslimu. Tangu 2018 sheria inakataza mtu yeyote kumziba mdomo asikwambie kwamba taslimu ni nafuu.

Kanada inabaki kwa dawa yenye jina isiyo na jeneriki. Kule kuna bodi inayosimamia bei za dawa zenye hataza (ile haki ya mgunduzi) tangu 1987, ndiyo maana tofauti ni kubwa. Kisheria, kuagiza dawa nje kwa kawaida hairuhusiwi. Mamlaka ya dawa, FDA, mara nyingi humwachia mtu binafsi asiyezidisha matumizi ya miezi mitatu, lakini mzigo ukikamatwa huna wa kumlalamikia. Ruhusa ambayo Florida ilipewa mwaka 2024 ni ya mpango wa jimbo, si yako wewe na kadi yako ya benki.

Na si kila tovuti yenye bendera ya jani jekundu iko Kanada. FDA ilipokagua vifurushi mwaka 2005, asilimia 85 ya dawa zilizotangazwa kuwa za Kanada zilitoka nchi nyingine 27. Famasi ya kweli itakudai cheti cha daktari, ina anwani ya mtaa, na ina mfamasia wa kuongea naye kwa simu. Tovuti isiyoomba cheti ifunge hapohapo. Insulini usiiagize mbali wakati wa joto.

Kabla ya Kanada pia, angalia kama kampuni inayotengeneza dawa hiyo inauza moja kwa moja, kama Eli Lilly inavyofanya tangu Januari 2024. Wazee wa Medicare, bima ya serikali, hulipia insulini kisichozidi dola 35 kwa mwezi, na tangu 2025 wana kikomo cha mwaka cha pesa wanazolipia dawa mfukoni. Pesa waliyolipa Kanada haihesabiwi humo.

Wanaobeba dawa kutoka Nairobi au Dar, ziacheni kwenye pakiti zake, na cheti mkononi, zisizidi miezi mitatu. Tramadol msimbebee mtu: huku ni dawa inayodhibitiwa na serikali kuu tangu 2014.