Ukinunua meli ya matanga ya Lego, uliza kahawia yake ni ya mwaka gani

Malalamiko ninayoletewa kuhusu meli za Lego, yale matofali ya plastiki ya kuunganisha, yanafanana mno, nami nimeamua kuyajibu kwa pamoja. Mtu ananunua meli ya matanga iliyokwisha tumika. Anaambiwa ni nzima, anaonyeshwa picha nzuri iliyopigwa kwa mbali. Meli inafika, anaanza kuibomoa taratibu ili aiunde upya iwe merikebu ya Wareno ya 1498, na kila akivuta kipande, kinakatika. Kibanio kinabaki nusu. Kibao chembamba kinapasuka katikati. Akimrudia muuzaji, anajibiwa kwamba amekivuta vibaya. Hakukivuta vibaya. Kipande kilikuwa kimeshaharibika kabla ya kufungwa kwenye boksi.

Kwa hiyo hapa sipangi meli kwa idadi ya vipande, kwa umri wa mtoto wala kwa uzuri wa picha. Hayo yamechapwa kwenye sanduku, kila mwenye macho anayaona. Nazipanga kwa jambo ambalo halichapwi popote, nalo ni umri wa kahawia.

Mwaka 2004 Lego waliacha kahawia yao ya zamani wakaleta nyingine yenye wekundu. Kwenye BrickLink, soko la vipande ambalo Lego wenyewe walilinunua 2019, ya zamani inaitwa Brown na mpya inaitwa Reddish Brown. Vipande vya hiyo mpya vilivyotoka miaka yake ya mwanzo, mpaka ndani ya miaka ya 2010, vina sifa mbaya kwa wakusanyaji wa kila nchi: baada ya muda vinakuwa kama biskuti. Kahawia iliyokolea na nyekundu ya damu ya mzee nazo zimo kwenye lawama hiyo. Vya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2010 ni imara zaidi.

Kwa anayejenga magari au nyumba, hilo ni jambo dogo; atapoteza shina la mti na mlango. Lakini meli ya matanga ni mbao tupu. Mkuku, mataruma, sitaha, milingoti, foromali (mti wa kuning'inizia tanga), ngazi, mapipa, vyote ni kahawia. Tena ndiyo kazi inayotesa vipande kuliko zote, kwa sababu foromali hushikiliwa na vibanio vidogo vinavyobeba uzito wa tanga na mvuto wa kamba, na kipande kilichobanwa hivyo kwa miaka huanza kupasuka kwa ndani pasipo kuguswa na mtu. Unaweza kuiona meli imesimama kabatini, inapendeza, kumbe imebaki kushikana tu. Siku ya kuibomoa ndiyo utakayojua.

Nasema wazi kwamba pamoja na dosari hiyo mimi ni mtu wa Lego. Vipande vyao vya leo vinaingiana na vya miaka ya 1960, na kwa anayejenga historia kidogo kidogo, mwaka huu omo, yaani mbele, na mwaka ujao shetri, yaani nyuma, hakuna kitu muhimu kuliko hicho.

Nafasi ya kwanza naipa seti namba 31109, meli ya maharamia ya 2020 yenye vipande 1,264. Ilitoka kwa dola 99.99 Marekani. Maelekezo yake yana majengo matatu, yaani meli, nyumba ya wageni na kisiwa cha fuvu, lakini mimi siipendei hayo. Naipendea kwa kuwa ni lundo la kahawia ya 2020. Ibomoe, irudie, ibomoe tena. Ukitaka São Gabriel, meli ya Vasco da Gama iliyofika Malindi Aprili 1498, punguza urefu wa meli, pandisha shetri, na upange milingoti mitatu: wa mbele na wa kati ichukue matanga ya mraba, wa nyuma uchukue tanga la pembetatu, ambalo mtu wa pwani halihitaji kuelezwa kwa kuwa analijua kwenye jahazi. Matanga yashone mwenyewe kwa kitambaa cha marekani nyepesi, pindo ukizipitishia gundi ya mbao iliyozimuliwa kwa maji zisichanike nyuzi. Msalaba mwekundu chora kwa rangi ya kitambaa. Matanga ya nyumbani yanazidi ya dukani, na hapo sina mjadala.

Ya pili ni Endurance, namba 10335, ya mwishoni mwa 2024. Ina vipande 3,011 na bei yake ya Marekani ilikuwa dola 269.99. Hii ni mfano wa meli ya kweli: iliundwa Norway, ikashushwa majini 1912, ikabanwa na barafu ya kusini mwa dunia katika safari ya mpelelezi Ernest Shackleton, ikazama Novemba 1915. Mabaki yake yalionekana Machi 2022 kwenye kina cha mita 3,008. Mwili wake ni mweusi, na kahawia iliyomo ni ya juzi. Hasara yake ni moja tu, ni ndogo mno kwa vijisanamu vya watu. Huwezi kumsimamisha nahodha kwenye sitaha. Kama unataka meli ya kutazamwa, ichukue. Kama unataka kuonyesha watu bandarini, iache.

Ya tatu, kwa mandhari ya ukoloni, nachagua ngome, Eldorado Fortress ya 2023, namba 10320, vipande 2,509, iliyotoka kwa dola 214.99. Inagawanyika vipandevipande na kupangika upya, na hilo ni zuri kwa anayetaka ngome ya umbo lake mwenyewe. Ila usidhani utaigeuza Fort Jesus kirahisi. Fort Jesus, iliyoanzwa 1593 kwa ramani ya msanifu Giovanni Battista Cairati, ni kuta nene zilizoinama na pembe zake zimechomoza nje. Utahitaji matofali mengi ya rangi ya mchanga, yanunue kwa kipande. Rangi hiyo haina sifa mbaya ya kahawia, hata ya zamani unaweza kuichukua. Askari waliomo ni wa makoti ya bluu, watu wa karne ya 18. Wareno wa 1593 hawakuvaa hivyo. Chapeo zao za chuma zenye ukingo uliopinda utazipata kwenye seti za Imperial Armada za 1996, nazo huuzwa moja moja.

Na hapa lazima niseme. Tangu Lego waanze maharamia mwaka 1989, sanduku limekuwa hasa la askari na maharamia. Mji hauna wenyewe. Hakuna mwenye kanzu, hakuna mchukuzi, hakuna mwanamke sokoni, hakuna rubani wa kumvusha Mreno mpaka Calicut, India. Wanakisiwa ambao Lego waliwatoa 1994 walikuwa watu wa majani na vinyago, na sitaki kuwaona kwenye Mombasa yangu. Anayejenga mandhari ya ukoloni atenge fedha ya vijisanamu vya raia kutoka kwenye seti nyingine, vinginevyo atakuwa na bandari ya wageni watupu.

Pirates of Barracuda Bay ya 2020, namba 21322, ni nzuri na kahawia yake haina shaka. Imeshuka nafasi ya nne kwa ajili ya bei. Ilianza kwa dola 199.99, ilipoondoka madukani walanguzi wakaishika.

Mwisho ni ile ambayo kila mtu huniulizia, Imperial Flagship ya 2010, namba 10210, vipande 1,664. Sikatai kwamba ni nzuri. Lakini ni ya 2010, kahawia imo kwa wingi, na wauzaji wanaiombea fedha nyingi kuliko dola 179.99 ya mwanzo kana kwamba plastiki hukomaa kama mvinyo. Ukiipata imefungwa bado haijakuokoa, kwa sababu plastiki huzeeka hata ndani ya mfuko. Queen Anne's Revenge ya 2011, namba 4195, iweke kwenye fungu hilohilo. Meli za 1989 hadi 1993 ni afadhali, zina kahawia ya zamani, ile ya kabla ya 2004. Kwao kagua nyeupe iliyogeuka manjano na matanga yaliyolika.

Meli za bei rahisi kutoka China zipo, tena nyingine ni kubwa sana. Mshiko wa vipande hutofautiana mfuko kwa mfuko. Sina zaidi.

Sasa wauzaji. Neno "nzima" kwao maana yake ni kwamba idadi imetimia. Hawahesabu nyufa. Kabla hujatuma fedha, dai picha ya karibu ya vibanio vya foromali, ya bawaba za milango ya mizinga na ya vibao vyembamba vya sitaha, mwanga ukipiga kwa ubavu ili ufa uonekane. Uliza kama meli ilibomolewa baada ya 2015, na waliobomoa walivunja vingapi. Akikuambia mwaka unasomeka kwenye namba iliyo ndani ya tofali, mwache. Hiyo ni namba ya kalibu iliyomiminiwa plastiki, si mwaka. Ukinunua kahawia ya kipande kipande, mwandikie muuzaji kwamba unataka iliyotoka kwenye seti za 2020 na kuendelea, akutajie namba za seti hizo. Muuzaji mkweli hujibu siku hiyohiyo. Anayenung'unika kwamba unauliza sana, na huku ameongeza bei kwa sababu meli ni "adimu", anajua anachokuuzia.