Sentre ya vijana ya kwetu Birere, Goma
Batoto bangu babili banaendaka pale kila siku ya posho (Jumamosi), basi nilienda kujionea. Tere (uwanja) ya basket balijenga juu ya mawe ya volkano ya 2002, bakasawazisha na simenti muzuri kabisa. Kile kilinigusa ni ngoma: mutoto wa Kinande anafundisha mwenzake Mushi, wa kabila ingine, namna ya kupiga, anamushika mikono polepole, Kiswahili ndio inabaunganisha, hakuna mwenye anauliza unatoka wapi. Lakini choo ni moja kwa bote na mulango haifungi, binti yangu anajizuia mpaka arudi nyumbani, inaniuma sana. Wakati ya kupanga hawakuuliza sisi bamama. Tena banafunga saa kumi, vijana ba apremidi (benye banasomaka nyuma ya saa sita) bakiwa bado mu masomo. Muongeze masaa, na choo ya mabinti, tafazali.